Umeme Upite Wapi

9 Februari

Mwanangu Mguu Nje,

Natumaini uko mzima huko kambini kwa wapimaji wa laini za umeme na bado unakumbuka kula kabla ya kulala. Sisi hatujambo. Bibi yako anaendelea kwa namna yake: miguu imegoma, mdomo haujagoma. Juzi amemfukuza muuza sabuni kwa sababu alimwita ajuza. Mkeo alipita hapa, tumbo limeanza kuonekana, nikamshonea gauni lenye nafasi ya kumfikisha mwisho. Anasema simu yako haipatikani hata akipanda juu ya kiti. Nimemwambia atulie, dereva wa lori lenu la vyakula ni mtu wa kuaminika, na barua haihitaji mnara.

Sasa nikuambie lililonikalisha kuandika. Watu wa umeme wameleta ramani. Wanataka kupitisha laini ya msongo mkubwa kwenye kata yetu, ile ya minara mirefu ya chuma, na halmashauri imeombwa itoe maoni kabla ya mwisho wa Aprili. Katibu ameibandika ukutani ukumbini, na tangu hapo watu wanapanga foleni kuitazama kama matokeo ya mtihani. Mstari mwekundu unashuka kutoka machimbo ya kokoto, unakata uwanja wa shule, unapita juu ya zahanati, halafu unatokea sokoni. Mwalimu mkuu aliuwekea kidole, akamuuliza katibu kama huo mstari ni mwembamba hivyo kweli au huko nje ni mpana zaidi.

Unajua mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya ardhi na mipango. Cherehani yangu inakaa siku nzima haijaguswa, kila anayeingia dukani haji kupimwa nguo, anakuja kuuliza. Nusu ya madiwani wanataka tukubali upesi, eti umeme usije ukahamia kwa wengine. Nusu wanataka tukatae. Mimi bado sijaelewa hata tunaulizwa nini.

Siri za kazi yako usiniambie, sizitaki. Nataka unijibu jambo moja tu ambalo mtu yeyote wa umeme angenijibu: hiyo laini ikipita juu yetu, sisi tulio chini yake tutawasha taa?

Bibi anakusalimu. Anasema ukirudi umekonda atakukana.

Shangazi yako

3 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya vitunguu, maana dereva aliifichia humo isilowe. Niliisoma nimekaa juu ya sanduku la vifaa huku wenzangu wakinicheka kwamba natabasamu peke yangu. Mimi mzima. Nakula. Mwambie Bibi nimekonda kidogo, lakini sura yangu bado inajulikana.

Nashukuru kwa gauni la mke wangu. Kuwa mbali naye wakati kama huu kunanichoma, na sina la kujitetea zaidi ya kusema kazi ni kazi.

Nakujibu swali lako, na jibu halitakufurahisha. Hapana, Shangazi. Laini ya msongo mkubwa ikipita juu ya nyumba zenu haitawasha hata taa moja. Umeme ule una nguvu kupita kiasi, hauwezi kuingia nyumbani mpaka upunguzwe kwenye kituo cha kupozea umeme, na kwenye ramani nzima kituo cha karibu kiko mbali nanyi. Chini ya nyaya kuna ukanda tunaouita mkuza. Ndani ya mkuza hakuna ruhusa ya nyumba wala mti mrefu. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliuliza vizuri: ule mstari ni mpana, mpana kuliko uwanja wake wa shule.

Ila kuna hili. Hayo maoni mnayoombwa msiyachukulie kama salamu za heri. Mimi nimezipita kata nyingi. Zilizoandika "tunakubali" zilipata minara. Zilizoandika "hatukubali" zilipata minara pia, baada ya kelele. Zilizopata kitu ni zile zilizosema: hapa pasipite, pale panapitika, na mkipita pale tunataka hiki na hiki. Yaandikeni mapema. Nyaya zikishafungwa hakuna anayesoma barua zenu.

Kuhusu wapi laini ipite, hapo nafunga mdomo. Ndiyo mkate wangu.

Kikosi chetu kinashuka polepole kuelekea kwenu. Sijui kama kipande chenu kitapimwa na sisi au na wengine.

Wako mtiifu, hata kama Bibi hakubali,
Mguu Nje

30 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mvua zimeanza na karo la jirani limefurika, kwa hiyo mtaa mzima unanuka lakini tuko hai. Mkeo amehamia hapa kwangu mpaka ajifungue. Yeye na Bibi wanabishana jina la mtoto kutwa nzima, na wote wawili wanapendekeza majina ya ajabu.

Jibu lako nimelipeleka kwenye kamati kama lilivyo, nikasema nimeelezwa na mtu wa umeme. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Unamkumbuka yule diwani wa upande wa stendi, yule ambaye hakuna kikao ameacha kunyoosha mkono mpaka watu wakamwita Bwana Hoja? Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, akavua miwani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huyo mtu wa umeme ana jina la ukoo?"

Nikamuuliza anamaanisha nini.

"Namaanisha kwamba anayeshika darubini ya kupimia hiyo laini ni mtoto wa kaka yako, uliyemlea wewe. Tukisema ipite huku, watu watasema shangazi ameelekezwa. Tukisema ipite kule, watasema hivyo hivyo."

Ukumbi ulinguruma. Nilitaka kumjibu vibaya, na maneno nilikuwa nayo. Lakini nilipoyapima niliona mtu huyu, pamoja na ubishi wake wote, amesema kweli. Nikasema, "Ni kweli, ni mwanangu. Kwa hiyo leo naondoka kwenye kiti hiki." Nikamkabidhi makamu rungu, nikashuka, nikaenda kukaa kwenye mabenchi ya wananchi kati ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mwanamume aliyekuwa amelala. Bwana Hoja alibaki amesimama na miwani mkononi. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vita virefu.

Maoni yataandikwa. Afisa mipango anazunguka na wajumbe kutafuta njia nyingine ya laini, isiyogusa watoto wala wagonjwa. Mimi nafuata kwa nyuma kama raia.

Umeuliza kupitia kwa mkeo kama paa la nyumba linavuja. Linavuja kidogo pale juu ya kabati. Usitume mabati. Nasema usitume. Tutaona baadaye.

Shangazi

22 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini nyote wazima. Mimi mwili mzima.

Mabati nilikuwa nimeshayalipia. Sasa najua kwa nini ulisema nisitume.

Wiki iliyopita msimamizi aliniita hemani kwake akanionyesha maoni ya halmashauri yenu. Alikuwa amefurahi. Alisema ni mara ya kwanza anaona halmashauri imeandika kitu kinachopimika: laini iache shule, iache zahanati, iache soko, izunguke nyuma ya machimbo na kushukia kwenye safu ya mwisho ya nyumba, ambako kuna mashamba matupu na nyumba moja tu ya kuondoa. Akanikunjulia ramani mpya. Nikakiona kisima. Nikaona kibanda cha jirani yetu Fundi Saa. Kando yake kulikuwa na kimraba kilichokatwa kwa wino mwekundu. Shangazi, kile kimraba ni sebule yetu.

Kwa nini hukuniambia? Umeniandikia habari za karo la jirani. Nyumba aliyoijenga Baba tofali kwa tofali, akafa kabla hajaipaka rangi, na ukuta wake wewe ukaupaka umenifunga mimi mgongoni, inaondoka, na mimi naisoma kwenye ramani mbele ya mtu anayetabasamu. Bibi atapelekwa wapi? Anajua?

Jambo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Kipande chenu tumepewa sisi. Vigingi nitavipiga mimi. Nimeitazama ramani mpaka macho yameuma. Pale kona inapokatwa, nikiipinda kidogo tu kushoto, mkuza unaiacha nyumba yetu na kuchukua ya Fundi Saa. Kwa kipimo inakubalika. Hakuna atakayeuliza, kwa sababu hakuna anayejua isipokuwa mimi. Fundi Saa atalipwa fidia yake kama mtu mwingine yeyote.

Sijafanya lolote. Ila siwezi kusema sijafikiria. Nijibu haraka, tunahamisha kambi mwisho wa mwezi ujao.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu, baba wa binti,

Ndiyo, soma tena hapo juu. Mkeo alijifungua Jumapili, salama kabisa, mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti ya mnadi wa sokoni. Mama yake anakula, anacheka, anakusubiri. Bibi amempakata akasema sura ni ya kwao, sisi wengine tumechangia masikio tu. Sasa vuta pumzi, ufurahi kwanza, kisha uendelee kusoma.

Umeniuliza kwa nini sikukuambia. Nitakuambia ilivyokuwa. Nilipokuandikia usitume mabati nilikuwa nimeshaanza kuona afisa mipango anaelekea wapi.

Siku afisa mipango alipoleta njia mpya, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Alieleza kila kitu kwa fimbo yake, machimbo, kona, mashamba, na alipofika kwenye ile safu ya mwisho akapunguza sauti. Akasema nyumba moja italazimika kuondoka. Hakusema ya nani. Nilikuwa nimekaa benchi lile lile. Watu waligeuka mmoja mmoja. Bwana Hoja ndiye aliyesema.

"Mama, hapo ni kwako."

"Naijua nyumba yangu ilipo," nikamwambia.

"Hujasema kitu."

"Kamati ndiyo inayosema. Mimi leo ni mwananchi. Lakini kama mwananchi anaruhusiwa kuuliza, basi nauliza: kuna njia nyingine isiyobomoa kitu chochote?"

Afisa mipango akatikisa kichwa. Alikuwa ameitafuta kwa mguu, nilimwona, viatu vyake vilikuwa vimeisha.

"Basi andikeni hiyo," nikasema. "Mimi nina nyumba moja. Shule ina watoto wa kata nzima."

Usidhani nilikuwa jasiri. Nilifika nyumbani nikakaa kwenye ngazi ya nyuma nikalia kama mtoto, na Bibi akanisikia. Nikamweleza. Akauliza kama huko tutakakohamia choo kitakuwa karibu. Nikamwambia nitahakikisha. Akasema, "Basi unalia nini? Mwanangu alijenga nyumba watu wakae, hakujenga watu waiabudu." Kisha na yeye akalia.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungeniandikia nikatae, au ungefanya hicho unachokifikiria sasa. Nilitaka uamuzi uwe umeshaandikwa kabla haujafika mikononi mwako, usiwe mzigo wako. Kumbe mzigo umekufuata hukohuko. Hapo nilikosea hesabu.

Kuhusu kona. Usiipinde, mwanangu, hata kwa unene wa uzi. Fundi Saa hajaniambia chochote, lakini tangu siku ile kila asubuhi anapita kunisalimu na hawezi kunitazama usoni, kama mtu aliyepona ajali aliyoona inamjia. Ana watoto wadogo wengi. Ukilifanya hilo, nitalala chini ya paa langu nikiona aibu, na wewe utavaa hilo jambo kila siku chini ya shati. Zaidi ya hapo, Bwana Hoja atakuwa alisema kweli juu yetu.

Na sikia habari ya huyo Bwana Hoja. Baada ya kikao alinifuata nje. Nilidhani kuna hoja nyingine. Akasema ameongeza vifungu kwenye maoni na anataka nivisome: cha kwanza, kwamba hakuna nyumba itakayoguswa kabla mwenyewe hajakabidhiwa nyingine, imeezekwa, ina maji na choo. Cha pili, kwamba kwa kuwa kambi ya ujenzi itahitaji umeme, laini ndogo itakayoletwa kwa ajili ya kambi ibaki, na ianzie zahanati, shule na soko. Cha tatu, kwamba kata ijengewe kituo chake cha kupozea umeme. Nikamuuliza kama alikaa kuandika yote hayo peke yake. Akasema, "Mimi kazi yangu ni kubisha, Mama. Nimeona nibishe na wao."

Nenda kazini kwako. Fanya ilivyo sawa. Halafu njoo umwone mwanao.

Shangazi

19 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nilipewa njiani tukiwa tunahama. Niliposoma mstari wa kwanza nilimwomba dereva asimamishe gari, nikashuka, nikatembea kidogo porini. Walidhani tumbo linaniuma. Niliporudi nikawaambia nina binti, wakapiga honi mpaka ndege wakaruka.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kukujibu kwa hasira. Yaliisha yenyewe hapo njiani.

Siku ya pili nilikwenda kwa msimamizi. Nikamwambia nyumba inayoondoka ni ya baba yangu, na kwamba nisipewe kona ile. Akaniuliza, "Umeijua lini?" Nikamwambia siku ile ile aliyonionyesha. "Na vigingi vya kona?" Nikamwambia bado, na ndiyo maana nimekuja. Nilidhani ataniondoa kazini. Akasema wengine wangepiga kwanza ndipo waje kuongea. Kona amepewa mwenzangu, mimi nimepangiwa upande wa ng'ambo ya machimbo, na katikati nimepewa ruhusa ya siku kadhaa za kwenda nyumbani.

Jingine nilisema kwake bila kupanga. Nilimwomba majibu ya maoni yenu yasikae kwenye mafaili. Nadhani alisukuma, kwa sababu majibu yametoka. Njia mpya imekubaliwa yote. Kifungu cha nyumba kimekubaliwa. Laini ndogo wamekubali ianzie zahanati na shule. Soko wamesema litafuata, hawakutaja lini. Kituo cha kupozea umeme wamekataa. Mwambie Bwana Hoja asichoke, hapo kwenye soko na kituo bado ana kazi.

Nitafika kabla hawajaanza kubomoa. Sitakuja na darubini. Naomba milango mniachie mimi niing'oe. Mbao zake ni nzuri, na sitaki mtu mwingine azishike kwanza.

Mbusu binti yangu kwenye yale masikio mliyochangia.

Mguu Nje

14 Machi

Mwanangu,

Tangu uondoke sijakuandikia barua ya maana, ni vikaratasi tu vya kuomba dawa ya Bibi. Nisamehe, nilikuwa nahama, na kuhama na Bibi ni kama kuhamisha serikali.

Nyumba mpya tumeizoea. Choo kiko karibu, Bibi amekikagua akakipitisha. Mkeo amepanda mboga upande wa jua. Binti yako anatambaa kinyumenyume, kila anachokitaka anakikosa na analalamika. Fundi Saa ametutengenezea rafu ya ukutani, hakuambiwa, alikuja tu na msumeno. Sasa ananitazama usoni.

Siku ile ya kubomoa ulikuwepo, kwa hiyo sikurudii. Nitakuambia usiyoyaona kwa sababu ulikuwa umetupa mgongo huku uking'oa milango. Madiwani walikuja kubeba vitu. Bwana Hoja alibeba cherehani yangu kichwani njia nzima, akakataa kupokewa, na jasho likamharibia miwani. Wiki iliyofuata kwenye kikao alinyoosha mkono, watu wakaguna kwa mazoea, naye akatoa hoja kwamba, kwa kuwa suala la laini limekwisha, mwenyekiti arudi kwenye kiti chake. Nimerudi. Jambo la kwanza nililoweka mezani ni soko. La pili ni kituo. Barua mbili tumeshapeleka, ya tatu anaiandika yeye.

Minara imesimama nyuma ya machimbo. Mikubwa kweli. Watoto wa shule wanaihesabu kutoka madirishani, wanapishana idadi, na mwalimu mkuu amewaachia wabishane. Pale tulipokuwa tunakaa nyasi zimeota. Nilipita mara moja. Niliumia, halafu nikaendelea na safari yangu, maana nilikuwa nawahi kikao.

Zahanati imewashwa mwezi uliopita. Nesi amepata jokofu la chanjo na haachi kulifungua ili kutuonyesha, mpaka daktari amemkataza. Na kwa kuwa sisi tuko nyuma ya zahanati, jana fundi wa umeme amefika hapa na ngazi yake, kijana mpole, akaniuliza nataka taa ngapi.

Nikamwambia asubiri. Mwanangu, nimeshona nguo za watu maisha yangu yote, nimeulizwa maswali ya kila aina, lakini hilo sijawahi kuulizwa. Nilienda ndani nikazunguka vyumba, Bibi akiniuliza natafuta nini. Nikarudi nikamwambia: moja jikoni, moja kwa Bibi, moja juu ya cherehani, moja kwa mtoto na mama yake.

Akaandika, akauliza kama zimetosha.

Nikamwambia aongeze moja nje, mlangoni, iangalie barabarani. Akasema hiyo wengi huwa hawaitaki, inakula umeme bure. Nikamwambia aiweke tu, nina mtu anatoka mbali.

Shangazi yako